Pengo Kwenye Mshale

Mwalimu wa sheria ya ushindani alikuja Mweso, mashariki mwa Kongo, kuwanoa wakaguzi wa masoko, na Myriam, muuza maharage, alialikwa kuwasemea wachuuzi. Alichokitazama zaidi kwa mwalimu ni mikono. Kabla ya kutamka neno zito, mwalimu alijifuta chaki kwa leso, kidole kimoja kimoja, kisha kwa sauti ya mtu anayesali akawaonya juu ya wafanyabiashara wanaokula njama na kupanga bei. Kila asubuhi alichora mshale kutoka mashamba ya Masisi hadi soko la Goma, na kila mara chaki iliinuka palepale katikati ya njia, ikaacha pengo. Myriam alipajua. Pale wenye bunduki hufungua kila gunia na kuchota.

“Papa Mwalimu,” aliuliza siku ya mwisho, “pale mushale inakatika, njo nani anapangaka bei?”

Mwalimu aliutazama mlango wa ukumbi, akatoa leso, akaisahau mkononi.

“Mama,” alisema polepole, “hapo masomo yangu haifikake.”

Kisha akaugeukia ubao, akaanza kuufuta kwa leso ile, akianzia kwenye lile pengo, ambapo hapakuwa na kitu cha kufuta.