Diski Moja kwa Kompyuta ya Bibi Mkunga

Mtaani hakuna aliyejua jina lake la kuzaliwa, wala aliyejisumbua kuuliza. Walimwita Sahani, kwa ajili ya mfuko wake wa diski. Ukiona ule mfuko wa turubai unapita begani mwake, na humo ndani vitu vinagongana kama vyombo vinavyotoka kuoshwa, ujue kuna kompyuta mahali imegoma. Alikuwa nayo diski ya kupima kumbukumbu ya mashine, nyingine ya kukagua hifadhi yake, nyingine ya kuamsha mashine isiyoamka, na ile aliyoiogopa mwenyewe, ya kufuta kila kitu na kuanza upya.

"Umeifanyaje?" ndiyo ilikuwa salamu yake kwa mteja.

"Sijaifanya kitu."

"Ahaa. Imejifanya yenyewe, maana ina mikono."

Kazi hiyo hakuisomea. Alianza kwa kufagia ofisi moja ya mizigo, na fundi wa pale alikuwa mzee mvivu kupita kiasi. Weka diski hii, toa, weka ile, niambie imeandika nini. Mzee akisinzia, Sahani anaendelea. Mzee alipostaafu alimwachia mfuko pamoja na diski zake zote. Mpaka leo Sahani humwombea heri. "Uvivu wake ndio ulionisomesha," husema, na wala hatanii.

Chumba chake cha kazi ni sebule ya kaka yake. Upande wa dirishani zipo mashine mbovu, upande wa mlangoni wifi yake, mke wa huyo kaka, anapiga pasi nguo za watu. Wanagombania waya mmoja wa umeme, na siku haipiti bila kurushiana maneno. Mmoja akiumwa, mwingine hali chakula.

Basi wiki moja Sahani akaitwa nyumbani kwa Bibi Mkunga. Mlango ulipofunguliwa, alimtambua papo hapo. Alikuwa hajamwona yule mama tangu siku ile wodini, bintiye Sahani alipotaka kuja duniani akitanguliza miguu, na daktari hayupo. Huyu ndiye aliyemgeuza mtoto kwa mikono yake mitupu, huku akimfokea Sahani apumue. Sahani alitoka pale na mtoto mzima na uhai wake mwenyewe, na hakupata nafasi ya kusema ahsante, kwa kuwa zamu ilibadilika akiwa bado amelala. Deni la shukrani limemkaa kifuani miaka yote hiyo.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye Sahani? Nilidhani ni mwanamume."

"Wengi hudhani. Mashine haijali."

Alisubiri atambuliwe. Bibi alimtazama mikono, si uso, akasema, "Una kucha fupi. Vizuri. Ingia."

Kompyuta ilikuwa jitu la zamani, weupe wake umegeuka rangi ya meno ya mvuta sigara. Ndani yake mlikuwa na picha za watoto aliowapokea Bibi tangu alipopata kamera hadi alipostaafu. Jumamosi mwanawe alikuwa anakuja kumhamisha, akaishi naye, na alishasema kwenye simu kwamba yale mabati mabovu yabaki huko huko.

"Mimi naweza kuacha kitanda," Bibi alisema. "Kabati naacha. Hao siwaachi."

Sahani akaiwasha. Ikavuma, ikaonyesha mstari mmoja wa maandishi kwamba haioni pa kuanzia, ikanyamaza. Akabonyeza trei ya diski itoke. Ilitoka kwa mlio kama mlango wa gereza, ikameza diski yake ya kwanza, kisha ikakataa kuirudisha. Alipoichokonoa kwa sindano, trei ikaja na vipande vya meno yake ya plastiki. Sahani akaikagua, akashika tama. Ingefungwa mara moja zaidi kwa kusukumwa taratibu. Ikifunguliwa tena, basi tena. Na kuamshwa kwa flashi mashine ile haikujua. Ni ya kabla ya mambo hayo.

"Sasa Bibi, nitafungua kifuniko, nitoe hifadhi yake, nikaisome kwenye mashine nyingine."

"Hapasuliwi."

"Ni kompyuta, Bibi."

"Najua ni kompyuta, sijachanganyikiwa. Alikuja fundi mmoja hapa, akafungua, akatoa kitu akasema anakwenda kukipima. Mpaka leo anapima. Na mimi nimezalisha maisha yangu yote. Anayekimbilia kisu kabla hajajaribu mikono namjua. Mtoe kwa njia yake."

Mtu mwingine angesema hivyo, Sahani angebeba mfuko wake na kuaga. Lakini huyu alikuwa amempa mtoto. Akasema, "Nipe hadi Ijumaa."

Njiani akapiga hesabu. Diski moja tu ndiyo itakayoingia, na yeye hajui mashine inaumwa nini. Ataweka ipi? Ya kupima kumbukumbu? Ya kukagua hifadhi? Au ile yenye mfumo wake kamili, inayoiamsha mashine bila kutegemea kilichomo ndani? Alihitaji zote tatu. Kwa hiyo zote tatu zingekaa kwenye diski moja kubwa, na mlangoni kuwe na menyu: chagua unayemtaka, umwamshe. Alishasikia mafundi wakilisimulia jambo hilo. Kulifanya, hajawahi.

Akakaa sebuleni akaanza. Alichukua nakala kamili ya kila diski, akazipanga pamoja, akaandika menyu, akachoma yote kwenye diski tupu, akaijaribu kwenye mashine yake. Menyu ikatokea! Akachagua mfumo kamili, skrini ikawa nyeusi tii na lalamiko moja: vitu vyangu sivioni.

"Imekataa?" wifi yake aliuliza, pasi mkononi.

"Imeamka, halafu inatafuta vitu vyake sebuleni."

"Kwani viko wapi?"

Sahani akamgeukia. Kila nakala ilizoea kuishi peke yake kwenye diski nzima, kama mwenye nyumba. Sasa imekuwa mpangaji, na hakuna aliyeiambia chumba chake ni kipi. "Wifi, wewe una akili."

"Umechelewa kujua."

Akairudia menyu, akaandika mbele ya kila jina njia ya kufikia vitu vyake. Na kwa kuwa diski bado ilikuwa na nafasi, akaongeza na ile ya kufuta kila kitu, akaiweka juu kabisa, kwa mazoea tu, kwa sababu ndiyo wateja wake wengi huihitaji. Akachoma nyingine, akaipachika, akawasha, akaenda uani kutia maji usoni.

"Sahani! Sahani we! Mashine yako inahesabu!"

"Inahesabu nini?"

"Mimi nitajuaje? Inarudi nyuma! Imefika tano!"

Sahani alikuja mbio, kandambili moja ikabaki uani. Menyu ilikuwa inahesabu, na usipoigusa inachagua mstari wa kwanza. Mstari wa kwanza ni ule wa kufuta. Hakutafuta kitufe chochote. Alirukia ukutani akang'oa waya. Skrini ikazimika, pasi ikazimika, redio ya wifi ikakatika katikati ya wimbo.

"Shati la watu hili!" wifi akalalamika. "Na nyimbo zangu za kwaya zimo humo ndani ya mashine, mama wee."

"Zipo. Umeziokoa mwenyewe."

Sahani akakaa chini sakafuni. Hakuwa anaziona nyimbo za kwaya. Alikuwa anaiona sebule ya Bibi, yeye anaongea, anasifu pazia, na nyuma yake namba zinarudi nyuma juu ya vichwa vya watoto wote wale. Akamshika wifi yake mguu. "Ahsante, wifi. Kweli kabisa."

"Niache mguu, utanichoma na pasi."

Ile ya kufuta akaitoa kwenye diski kabisa. Kuhesabu akakufuta pia. Menyu ikaachwa isubiri mtu, hata kama ni mpaka kesho.

Ijumaa asubuhi aliisukuma trei kwa kidole kimoja, polepole, ikafunga. Menyu ikaja, majina matatu. Akaanza na kipimo cha kumbukumbu: nzima. Akawasha upya, diski iko pale pale, akachagua cha pili: hifadhi ina majeraha, tena inazidi kufa. Akawasha upya mara nyingine, akachagua mfumo kamili. Skrini ikapambazuka rangi ya buluu, na kwenye kona makabati ya picha za Bibi yakaonekana, kila mwaka na kabati lake.

Akachomeka flashi, ambayo mfumo huo uliitambua, akataka kuyabeba yote kwa pamoja. Hifadhi ikaanza kugonga ndani, tik, tik, tik, na kila kitu kikaganda.

Bibi akainuka kitini. Akaweka kiganja juu ya boksi lile kama juu ya tumbo la mtu, akasikiliza.

"Unamharakisha."

"Bibi, mashine—"

"Mwache apumzike. Kisha kidogo kidogo. Likija moja, subiri, ndipo uite jingine."

Sahani akasitisha. Kugonga kukatulia. Akachukua mwaka mmoja, akasubiri. Akachukua mwingine. Wakaenda hivyo, Bibi mkono juu ya boksi, Sahani mkono kwenye kipanya, wala hakuna aliyezungumza ila "sasa" na "bado". Kabati la mwisho halikutoka. Hifadhi iligonga mara ya mwisho, ikakaa kimya moja kwa moja.

"Amebaki nani humo?" Bibi aliuliza.

"Mwaka mmoja. Nisamehe, Bibi."

Bibi aliondoa kiganja kwenye boksi. "Sijawahi kuwatoa wote salama. Nionyeshe waliotoka."

Sahani akamfungulia. Wekundu, wamekunjana, macho wameyafumba, vinywa wazi. Bibi akawapita mmoja mmoja. "Huyu mama yake alinitukana. Huyu alikuja amevaa kamba shingoni. Huyu, hebu rudisha, huyu alinikojolea." Machozi yalikuwa yanamtoka bila sauti, na sauti yake haikubadilika hata kidogo.

Ndipo Sahani akalitoa lile deni. Akaeleza wodi ile, mtoto wa miguu, daktari hayupo, mikono ya Bibi. Akamaliza akisubiri uso ufunguke.

"Sikukumbuki, mwanangu," Bibi alisema. "Ningesema nakukumbuka, ningekudanganya. Mko wengi."

"Sawa, Bibi."

"Nilimgeuza?"

"Ulimgeuza."

"Akalia?"

"Akalia wodi nzima ikaamka."

"Basi." Bibi alivuta pua, akajifuta na upindo wa kanga. "Basi nilikuwa kazini siku hiyo."

Sahani alidhani angeumia. Badala yake alisikia kifua kimekuwa chepesi. Alikuwa amebeba ahsante ile kama kitu cha kuazima kinachongoja kurudishwa mkononi mwa mwenyewe, kumbe mwenyewe hakuwahi kuona kwamba kimepungua. "Ahsante, Bibi," alisema tu, na ilitosha.

"Picha yake humu ninayo?"

"Huna. Ulikuwa bado hujapata kamera."

"Kesho asubuhi mlete, kabla gari halijafika."

"Bibi, ni mtu mzima. Ananipita urefu."

"Nimesema umlete. Sijasema umbebe."

Jumamosi, mizigo ikiwa tayari barazani na mwanawe Bibi anaitazama saa, yule binti alisimamishwa ukutani, amejipamba na hereni. Bibi akanyanyua kamera kwa mikono miwili, akafumba jicho moja.

"Usicheke," akamwamuru. "Wenzako wote humu wanalia."

Binti akaangua kicheko, na Bibi akabonyeza.