Imondo ya Hoteli ya Nekesa

Enzi zetu, sisi wa mtaa wa nyuma ya soko la Kitale, hakuna aliyetutembeza mji. Pua ndiyo ilituongoza. Ulianza na vumbi la posho mill, ukafika duka la Mhindi lenye harufu ya mafuta taa na vitambaa vipya, ukampita fundi wa baiskeli akitukana spoku, ukachungulia studio ya picha iliyochorwa ndege ukutani. Watu ambao hawajapanda hata trekta walisimama mbele ya hiyo ndege, shingo juu kama marubani. Njaa ikikushika, umeshafika kwa mama yangu, Nekesa.

Hoteli yake ilikuwa mabati na moshi. Ubao wa mlangoni ulisema HOTELI YA NEKESA, na jina hilo ndilo mwanangu Wafula, anayeiendesha siku hizi, anataka kufuta. Ati paitwe Vaibu Launji. Nilimuuliza launji ni nini, akasema ni mahali watu wanakaa. Kwani zamani walikuwa wananing'inia?

Jengo ni langu. Shule niliacha darasa la nne, nikabeba magunia ya mahindi ya wengine mpaka nikawa na yangu, nikajenga kwa mawe pale pale mama aliposonga ugali. Nikamwambia Wafula: nipikie. Nikishakula nitasema kama jina litoke.

Sasa sikilizeni. Mama alichinja kuku wa kienyeji, na kuku ana imondo moja tu, ile firigisi. Kwetu Wabukusu, imondo hupewa mtu wa heshima. Sahani zikitoka jikoni wanaume walinyamaza, kila mmoja akijifanya haangalii. Siku moja mama alimpa Kamau, mnunuzi wa mahindi aliyehamia kwetu kutoka Nyeri. Kamau akaigeuza geuza, akamrushia paka.

Bana! Mama akatoka na mwiko. "Kamau, umemzika mke wako juzi na bado umekuja kutusalimia. Hiyo nilikupa wewe, si paka."

Kesho yake Kamau alirudi na jogoo mzima kwapani. "Mama Nekesa, nipe tena." Akaila polepole, machozi yakimtoka, na hakuna aliyemcheka.

Haya, Jumamosi nikaenda kwa Wafula. Studio sasa inauza vifuniko vya simu. Duka la Mhindi ni kinyozi mwenye muziki wa kupasua meno. Ndani ya hoteli, vijana wanapiga picha chakula mpaka kinapoa. Mmoja akaniambia, "Niaje mzee, songa kidogo, unaingia kwa picha." Mimi! Kwa nyumba yangu!

Wafula akaniletea sahani nyeusi kama kigae. Mabawa ya kuku, mchuzi mtamu kama jamu, na jani juu, sijui la nani.

"Wafula, imondo iko wapi?"

"Baba, si hawa kuku huja wamekatwa tayari, kwa boksi. Hizo vitu haziko."

"Haziko, ama hukuuliza?"

Akaangalia simu. Labda jibu lilikuwa huko.

"Kamau hakuwa wa kwetu," nikamwambia, "na alirudi na jogoo. Wewe umelelewa na hili jiko."

Nikaacha mabawa yake yaruke yenyewe, nikatoka nje. Fundi wa rangi alikuwa juu ya ngazi mbele ya ubao wa mama, brashi mkononi, akingoja neno langu.

"Mzee, nifute?"

"Wacha. Hiyo N imefifia. Ikaze."

Akaikaza. Nilisimama pale barabarani nikimtazama mpaka akamaliza. Zamani uliingia mtaa huu na huzuni yako, na mtu jikoni akaiona kabla hujaagiza. Siku hizi utakaa humo mpaka jioni, na kitakachoonekana ni sahani tu. Basi wakae. Lakini watakaa chini ya jina la mama yangu.