Vumbi la Dirisha la Mbele

"Chomoa hiyo mashine, shemeji. Sirudii."

Fundi rangi hachomoi. Amesimama kwenye ngazi mbele ya dirisha la sebule, mashine ya msasa mkononi, na kwa sauti ya chini analalamika kwamba amekuja kumsaidia mke wa kaka yake kwa bei ya undugu, na shukrani yenyewe ndiyo hii.

Chumba cha pili wamelala watoto saba. Kuwalea ndiyo kazi ya mwanamke huyu, tangu asubuhi hadi wazazi watoke kazini. Nyumba ni ya wakwe zake, ya zamani, na rangi ya dirisha hilo inabanduka kama ngozi ya kitunguu.

"Sisi tumekulia humu," anasema fundi. "Tumekufa?"

"Hamkufa. Ila hesabu za kugawanya mpaka leo unaniletea mimi."

Fundi anacheka.

Mwaka jana mvulana wa miaka miwili anayelelewa hapa alianza kusahau maneno aliyokwisha kuyajua. Alipopimwa, damu yake ilikutwa na risasi, madini yaliyochanganywa kwenye rangi nyingi za zamani na ambayo huharibu ubongo wa mtoto. Muuguzi alifika, akainama kwenye ukingo wa dirisha. Palikuwa na alama za meno. Hapo ndipo watoto walipokuwa wakisimama jioni kuwasubiri mama zao, na rangi hiyo ina utamu kidogo.

"Nilidhani wanaota meno tu," anasema mlezi.

Alisogeza kabati likaziba dirisha. Kila asubuhi hupangusa ukingo na sakafu kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, na hakuna anayekula kabla ya kunawa. Shemeji yake akambandika jina: Mama Kitambaa.

Kipimo cha mwezi uliopita kilionyesha risasi imepungua katika damu ya yule mvulana. Maneno yanarudi. Mama yake, aliyemwondoa hapa baada ya kipimo cha kwanza, ameahidi kumrudisha Jumatatu, mradi dirisha liwe limetengenezwa.

Ndiyo maana fundi ana haraka. Kwa mashine, anaeleza, atamaliza leo. Kwa msasa wa maji, kwa mkono, nailoni ikitandikwa chumba kizima, ni siku nne. Vumbi si litafagiwa?

"Nikifagia linapaa," anajibu mlezi. "Linatua kwenye magodoro, kwenye midoli, kwenye vidole. Na vidole vya mtoto vinaishia wapi?"

Fundi anaitazama mashine. Anashuka ngazi, anachomoa waya, anaomba ndoo ya maji.

Mlezi hamletei ndoo. Anachukua simu. Jirani wa ng'ambo ya ua, mwenye nyumba iliyojengwa juzijuzi, anakubali kuwapokea watoto wiki nzima kwa nusu ya ada. Simu ya pili ni kwa mama wa yule mvulana: amlete Jumatatu, ila abishe hodi kwa jirani.

"Wiki hii tutakula kwa kubana," anasema. "Tumewahi kubana kwa mambo ya kijinga zaidi." Anampakata mdogo kuliko wote, bado amelala. "Beba wawili, shemeji."

Fundi ananyoosha mikono, kisha anairudisha. Anavua ovaroli, analiacha mlangoni, anakwenda bombani kunawa hadi viwiko kwa sabuni. Ndipo anarudi kuwabeba.