Shimo Lililotobolewa Kamukuywa

Nasike amefyatua matofali Kamukuywa miaka ishirini na mbili, na asubuhi ile aliona kitu hajawahi kuona: shimo lake la kukandia udongo lilikuwa kavu. Juzi alilijaza maji ya kisima, ndoo arobaini. Katikati palikuwa na tundu la duara, limetobolewa kwa chuma.

Alienda kwa chifu na matope miguuni. Huko alimkuta Farid, mtaalamu wa maji kutoka Kitale, na kompyuta yake. Tajiri mmoja alitaka kujenga kichinjio juu ya kilima, na bwawa la maji machafu lingekaa juu ya kisima cha Nasike. Chifu alikuwa ameshika kalamu, tayari kutia sahihi kibali.

"Mama, nimegawanya kilima kwa miraba midogo," Farid alisema. "Kila mraba unapokea maji kwa jirani zake, unayapitisha. Nimeweka kasi ya maji kupita kwenye udongo niliochota, na kompyuta inarudia hesabu mpaka namba zitulie. Uchafu utakufikia baada ya miaka sitini."

"Udongo ulichota wapi?"

Farid akaonyesha nukta kwenye kompyuta. "Hapa. Kwingine ardhi ni ngumu, chuma cha kutobolea kiligoma."

"Kumbe ni wewe!" Nasike alifoka. "Hilo ni shimo langu! Huo udongo niliubeba kutoka bondeni, nikaukanyaga na miguu hii ili ushike maji. Ati ndio kilima? Si ni kama kupima mvua ukiwa ndani ya nyumba!"

Chifu akacheka.

"Cheka tu, bana. Chai yako inatoka kisima hicho hicho."

Aliwaburuta hadi nyuma ya tanuri lake la matofali, akapiga jembe kando ya shimo. Chini ya udongo mgumu kulikuwa na mchanga mtupu. Alimwaga ndoo nzima. Maji yalizama kabla Farid hajaangalia saa. Farid alirudia mara tano, akipima kwa rula, uso umemshuka. Kisha akabadilisha namba moja tu kwa kompyuta, ile ya kasi ya maji, na wekundu ulioonyesha uchafu ukateremka mraba kwa mraba mpaka kisimani.

"Miezi mitano," alisema kwa sauti ndogo.

Chifu akarudisha kalamu mfukoni. "Bwawa halijengwi hapa."

"Samahani, mama. Ilifaa nikuulize kwanza."

"Umepita mlango wangu mara tatu, hata salamu hukunipatia! Sasa toa hivyo viatu. Udongo ndio huo, tundu ndilo lile. Kanyaga mpaka lishike maji."

Farid alivua.