Kisanduku cha Bibi Chapa

"Shoga, Bibi Chapa kichwa kimeanza kumruka," alisema Mama Redio huku akikamua shuka. "Jana nimepita dirishani kwake, namkuta anakibembeleza kisanduku. 'Amka babu, amka.' Na sebuleni hamna mtu!"

Mama Dogo alikuwa anaanika nepi za mwanawe. Mama Redio hakuhitaji jibu, alihitaji masikio tu.

Bibi Chapa, jirani yao wa nyumba ya kona, alikuwa mchapaji wa ofisi kwa miaka thelathini. Alipostaafu, vidole vyake vilikataa kustaafu. Mtaa mzima ulimpelekea barua za kuomba kazi, kadi za harusi na mitihani ya chekechea. Aliandikia chumbani, kwenye kiti pekee kilichoelewana na kiuno chake. Printa ilikaa sebuleni, maana wateja hawana kazi ya kuona kitanda cha mtu. Kati ya chumba na sebule ulipita waya uliokatiza mlango, na waya huo ulishamwangusha mara mbili.

Mara ya pili mwanawe alikuja juu. "Mama, chagua: printa au goti!"

Lakini damu nzito kuliko maji. Akamnunulia kisanduku cha intaneti chenye tundu la printa mgongoni, akakiweka mezani ubavuni mwa printa na kuviunganisha kwa waya mfupi kama kamba ya kiatu. Kazi zingetoka kwenye kompyuta zikapita hewani, mlango ukabaki mtupu, bila waya. Siku hiyo printa ilichapa kama inateleza. Akaacha na sharti: "Jumamosi nikikuta waya mrefu umerudi, printa naondoka nayo."

Alipoondoka tu, mashine ikagoma.

Mama Dogo hakuyajua hayo. Alichojua ni kwamba ana beseni la watu, aliloazima kwa Bibi Chapa. Jumamosi asubuhi akamfunga mtoto mgongoni, akalichukua beseni, akaenda.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kumwona kichaa?"

"Nimekuja kurudisha beseni."

"Umefunzwa, wewe. Pita."

Juu ya kochi waya mrefu ulikuwa umekunjwa, unangoja kurudishwa kazini. Bibi Chapa aliuangalia kama mtu anavyomwangalia mdai.

"Mwanangu anafika mchana huu. Nikimpigia ananiambia, 'Zima, washa.' Nazima, nawasha, taa zinakonyeza vizuri tu. Nikifika chumbani kompyuta inasema printa haionekani. Haionekani! Kitu kikubwa kama mbuzi!"

"Akiichukua, utafanya nini?"

"Nitakaa dirishani nihesabu wapita njia, kama huyo rafiki yako."

Alisema kwa mzaha, lakini vidole vyake vilikuwa vinagonga paja, herufi baada ya herufi, na Mama Dogo aliviona.

"Hebu fanya unavyofanyaga siku zote, Bibi. Mimi niangalie tu."

Mama Dogo aliishia shule ya msingi, na kuhusu kompyuta alijua jambo moja tu: usiweke chai karibu. Ila alikuwa na mtoto asiyejua kusema. Alishazoea kutazama kinachotokea kabla ya kilio.

Bibi Chapa alikiwasha kisanduku, akangoja taa zote zitulie, akakipapasa kichwani. "Mzima wa afya." Akatia karatasi kwenye printa, akachukua fimbo yake, akashika njia ya chumbani. Alipofika mlangoni, bila hata kugeuza shingo, ncha ya fimbo ilipita kwenye swichi za ukutani. Ta, ya taa. Ta, ya feni. Ta, ya soketi.

Mezani kisanduku kikafumba macho yote.

"Bibi! Simama hapo hapo. Hiyo fimbo!"

"Imefanya nini?"

"Imekizima."

Bibi Chapa aligeuka. Akaangalia kisanduku, akaangalia fimbo, akaangalia swichi. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akaegemea mlango, na mtoto mgongoni akaamka akacheka naye bila kujua kisa.

"Miaka thelathini! Bosi wetu alikuwa na amri moja: wa mwisho kutoka azime kila kitu. Na wa mwisho nilikuwa mimi kila siku! Huu mkono si wangu tena, mwanangu, ni wa ofisi: nikitoka unazima, nikirudi unawasha, mimi sina habari."

Mama Dogo aliwasha tena ile swichi ya tatu, akaibandika selotepu mara nne. Bibi Chapa akaingia chumbani. Vitufe vikalia kwa kasi ya mvua kwenye bati, kisha kimya. Sebuleni printa ikakohoa, ikanguruma, ikatema karatasi. Mama Dogo akaisoma polepole: KARIBU BABA. PRINTA HAINA SAFARI.

"Imetoka!" akapiga kelele.

Nje gari likapiga honi. Bibi Chapa alitoka chumbani haraka kuliko goti lake lilivyoruhusu, akamshika Mama Dogo mkono.

"Mwanangu, nakuomba. Akiuliza, fimbo usiitaje. Mwambie mashine ilichoka, ikapumzika, ikaamka yenyewe. Na Mama Redio mwambie hivyo hivyo, ili habari ifike mtaa mzima kabla ya chai."