Ute Nilioubandua Mkononi mwa Zuwena

Iko siku moja naikumbuka mpaka leo, mwanangu, na kila nikiikumbuka nachanganyikiwa upya. Nilikuwa bado kijana, nalima mwani, yale majani ya baharini, pwani kwetu Matemwe, na binti yangu Zuwena alikuwa na miaka sita. Mafuta ya moto yalimmwagikia kwenye kiwiko cha mkono wa kulia, akaungua vibaya. Usiniulize nani aliyeacha karai karibu na mtoto. Ni mimi.

Hospitali ya mjini tulimkuta daktari mgeni aliyekuwa akijaribu tiba mpya. Alisema kidonda kama kile kikijifunga chenyewe huvuta ngozi, na mkono ukabaki umekunjika. Kwa hiyo akakiwekea kitu nisichopata kukiona: nyuzi nyembamba zilizosukwa kama wavu, zimezama ndani ya ute mzito unaotetemeka. Ngozi mpya, alisema, itapanda kwenye nyuzi, izibe matundu, kisha nyuzi zenyewe zitayeyuka. Na ute ule umetolewa kwenye mwani.

Mwani? Huu ninaoufunga mimi kambani, umpandishe mwanangu ngozi? Sikuelewa hata nusu. Lakini wenye makoti meupe walikuwa watatu, nami nanuka chumvi, nikaona haya kuuliza. Nikajibu, "Naam, nshafahamu." Tukaambiwa tusifungue bandeji, turudi baada ya wiki.

Siku ya nne bandeji ililowa, ikaanza kunuka. Nikafungua. Nikakuta ute umegeuka manjano, umeshikamana na kidonda. Sasa sisi wakulima wa mwani tuna kazi isiyokwisha: kamba ikishikwa na ute, unaikamua kwa vidole mpaka itakate, la sivyo mwani wote unaoza. Mwanamke anayeacha ute kwenye kamba zake husemwa ufukweni kote. Basi vidole vyangu vilianza kazi kabla sijafikiri. Nilivuta, ukatoka na kitu chekundu, laini, na damu nyuma yake. Zuwena alilia mpaka sauti ikamkauka.

Mama mkwe wangu, Bi Mize, ndiye aliyenifundisha kulima. Aliingia, akatazama mkono wa mtoto, kisha wangu.

"Umetoa nini?"

"Ute, mama."

"Nani kakwambia huo ni uchafu?"

Nikavifuta vidole kwenye kanga.

"Mbegu ukishaifunga kambani, siku ya nne unaing'oa?"

"Siing'oi, mama."

"Na daktari ulimwambia hujafahamu?"

"Nilimwambia nshafahamu."

Akakaa kitako taratibu. "Basi kuona haya kwako ndiko kulikombandua mtoto ngozi."

Tuliporudi mjini, daktari hakuwa na kipande chengine cha wavu ule. Kidonda kilipona kwa njia yake, na mkono ukajikunja kama alivyosema. Majuto ni mjukuu. Na nikuambie kweli, hata leo sijaelewa vipi mwani na uzi vingeotesha ngozi. Ila najua kile chekundu kilikuwa kimeanza kuota, kwa sababu nilikishika, kilikuwa na joto.

Kwa hivyo, mwanangu, ukiambiwa jambo likakupita, sema limekupita, hata mbele ya makoti kumi. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Vidole vyako vikikimbilia kazi viliyoizoea, vishike kwanza, maana si kila utelezi ni uchafu. Na siku utakapokuwa wewe ndiye mwenye elimu, usiridhike na "naam" ya mtu anayekuogopa. Mwambie akurudishie uliyomweleza kwa maneno yake. Pengine daktari yule naye angeniuliza hivyo, nisingefika nilipofika. Lakini simlaumu, mdomo ulikuwa wangu.

Mwenyezi Mungu akupe ulimi usioona haya na mikono yenye subira, na watoto wako awakuze wakiwa wazima. Zuwena sasa ni mtu mzima, ana wanawe. Kila asubuhi huja kuniamkia, "Shikamoo, mama," akanipa mkono wa kulia. Haufiki, mwanangu. Mimi ndiye ninayesogea.