Imewaka, Afande

Fundi wa gari la betri amefariki. Tulimzika Alhamisi, na kabla maturubai ya msiba hayajakunjwa, mnunuzi wa vyuma chakavu alikwishafika kwenye karakana yake nyuma ya soko la Kariakoo, akilizunguka lile gari kuukuu na kuligonga ubavu kwa ukucha. Naandika kwa hasira, wasomaji wangu mnisamehe.

Petroli ilipoadimika na magari yetu kukatazwa barabarani Jumapili baada ya saa nane mchana, wengine tuliegesha tukalalamika. Yeye aling'oa injini, akafunga mota ya umeme iliyotoka kwenye mashine mbovu ya kunyanyulia mizigo bandarini, akapanga betri za malori mahali pa kiti cha nyuma. Mtaa ulimcheka. "Fundi, hilo gari au tochi?" Naye, bila kuinua kichwa: "Tochi haimbebi mama mkwe wako."

Jumapili moja, saa tisa, alinipakia Msimbazi twende Posta. Askari akatusimamisha.

"Mzee, umezima moto upite kimyakimya, siyo? Hebu washa!"

"Imewaka, afande."

"Mbona sisikii?"

"Ndivyo ilivyo. Fungua tangi unuse."

Askari alinusa, akanusa tena. Tangi lilikuwa kavu. "Sasa, kibali cha kuendesha bila petroli unacho?"

Hakuwa nacho, nani angekuwa nacho? Gari likazuiliwa kituoni. Betri zisipochajiwa hufa, na gari halikuruhusiwa kutoka. Basi kwa wiki mbili, kila asubuhi, alikwenda kituoni na mkokoteni, akazibeba betri hadi karakana, akazichaji, jioni akazirudisha. Nilimsihi aombe radhi yaishe. Akanikazia macho: "Niombe radhi kwa kufanya yale mnayoyahubiri?" Ijumaa moja mkuu wa kituo, kachoshwa na kelele za mkokoteni, akamwambia achukue gari lake aondoke. Fundi akashukuru, akaenda nyumbani kwa miguu. Alirudi kulichukua Jumapili, saa tisa.

Kujitegemea tunakuimba redioni na mikutanoni. Akitokea mtu wa kujitegemea kweli, tunamdai kibali. Akifa, tunampimia kazi yake kwa kilo. Tumezoea kuamini kwamba kisichonguruma hakiendi, ndiyo maana wanaonguruma tunawapigia makofi hata wakiwa wamesimama palepale.

Alhamisi ile mnunuzi alimwambia binti wa marehemu, "Dada, niuzie tu. Hili hata kuwaka haliwaki." Binti alifungua mlango wa gari. Aliingia, akageuza ufunguo. Kimya.

"Si nimekwambia?" mnunuzi akacheka, amesimama mbele ya taa.

"Limewaka, kaka. Sogea."

Hakusogea. Binti akakanyaga pedali, na gari la baba yake likamwendea taratibu, bila sauti, mpaka mtu yule akarukia mtaroni na mizani yake mkononi.

Wenzangu, acheni kutega masikio. Tazameni magurudumu.